Shuka Usalimie

Wakubwa wa mji walipotangaza kwamba barabara ya msituni itafungwa kwa magari kila Jumamosi asubuhi, ili wananchi waendeshe baiskeli kwa raha, nilitaka sana kujua ni magari gani hayo. Barabara yenyewe inazunguka ndani ya misonobari juu ya mji wa Bukoba. Inapanda, inashuka, inachungulia ziwa, kisha inarudi ilikoanzia. Haiendi popote. Mtu mwenye gari na akili timamu afuate nini huko? Lilikuwa likipita lori moja la magogo, nalo muda mwingi lilikuwa limelala njiani likisubiri springi kutoka Mwanza. Hata hivyo tulifungiwa magari, tukashukuru.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi alikuja kufungua barabara isiyo na magari akiwa na msururu wa magari, yakaegeshwa humo humo barabarani kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Alihutubia juu ya hewa safi huku injini zikinguruma nyuma yake ili viti vyake visipate joto. Kisha akaletewa baiskeli, akaikalia, akapigwa picha, akashuka bila kuisogeza. Tukapiga makofi. Kibao kikasimikwa langoni kusema vyombo vyote vya moto ni marufuku. Vijana wa bodaboda walikisoma kwa makini, na tangu siku hiyo wakifika pale juu huzima injini na kuteremka kimya kimya, kwa hoja kwamba chombo kilichozimwa hakina moto. Ng'ombe hawakutajwa kwenye kibao, wakaendelea na shughuli zao.

Mimi nilikuwepo uzinduzini kwa sababu ya mguu wangu.

Nina kisukari. Nilipata kidonda chini ya unyayo, kisa kijiwe kilichoingia kwenye kiatu nikafundisha nacho darasa la kwanza tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho bila kukisikia. Ukishakaa na sukari miaka mingi, miguu inaacha kukuletea habari. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Kilipofunga, daktari, kijana mpole ambaye ukimtazama vizuri unaona bado ana uso wa dawati la mbele, aliniambia mambo mawili. La kwanza, nipunguze ndizi. Alilisema hivi hivi, mchana kweupe, ndani ya Mkoa wa Kagera. Nikamtazama kuona kama kijana huyu ana kwao. Mhaya ukimwondolea ndizi kwenye sahani, hakuna kinachobaki cha kupunguza ila sahani.

La pili, nifanye mazoezi, lakini yasiwe ya kutembea, maana unyayo ulikuwa haujakaza. Niendeshe baiskeli.

"Na iwe mfululizo, mwalimu," alisema. "Usisimamesimame. Moyo uende mbio, jasho litoke. Ukisimama kila mara ni sawa na kukaa nyumbani."

Nikamuuliza nisipofanya itakuwaje. Swali lenyewe halikuwa na haja. Mama yangu alikatwa mguu kwa sukari hii hii. Walianza na kidole, wakaja juu ya kifundo, wakaja juu ya goti, na baada ya goti hakuishi mpaka msimu wa kahawa. Nilimwogesha mwenyewe. Kwa hiyo nieleweke: haya ninayosimulia nayacheka, lakini siku ile nilipotoka hospitali niliketi kwenye ngazi nimeshika kiatu mkononi, nikaogopa mpaka nikashindwa kukivaa. Sikutaka kwenda kidogo kidogo kama mama.

Shida ilikuwa moja. Nilikuwa nimepita miaka hamsini na sikujua kuendesha baiskeli.

Na si kwamba kwetu baiskeli haikuwepo. Ilikuwepo, tena ikiheshimiwa kuliko sisi. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri kule Ijumbi, wilaya ya Muleba, na baiskeli yake nyeusi ililala sebuleni, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama, wakati sisi watoto tulilala jikoni na mbuzi. Kaka zangu walifundishwa kuiendesha kila mmoja alipofikia urefu wa kiti. Sisi wasichana tuliruhusiwa kuiosha. Baba alitaja sababu mara moja tu: msichana hapandi kitu kwa kutanua miguu. Nilipomuuliza hiyo ni aya ya ngapi, niliambiwa nikachote maji.

Nilipata kupakiwa nyuma, miguu yote upande mmoja, siku baba alipokuwa na shughuli Kagoma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba baiskeli ya Mhaya si chombo cha kupanda, ni chombo cha kushuka. Ukikutana na mtu aliyekuzidi umri unashuka, unaiegemeza kiunoni, unavua kofia, unaamkia. Unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mgonjwa wa juzi, za migomba, na zote unazijibu, kwa sababu anayejibu haraka ni mtu mwenye kiburi. Unapanda tena, na kabla pedali haijazunguka vizuri anatokea shangazi wa yule uliyemwacha. Kumwamkia mkubwa wako ukiwa umekaa juu, naye amesimama chini kwa miguu yake, ni tusi ambalo litafika nyumbani kwenu kabla yako. Mwanamke ndiyo zaidi, maana yeye kushuka hakutoshi, anatakiwa na goti liguse ardhi. Safari zetu za Kagoma tulizifanya kwa miguu, baiskeli ikitusindikiza.

Kulikuwa na msamaha mmoja tu, na haukuwahi kutamkwa. Baba alipokuwa anakimbilia maziko, au mgonjwa aliyeitiwa neno la mwisho, wazee walimwona kwa mbali anavyokanyaga pedali. Basi waligeukia mgomba uliokuwa karibu na kuanza kuukagua mkungu. Walinyoosha shingo, wakabonyeza ndizi, wakagonga shina kwa fimbo, mpaka baba apite. Asiyekuona huna sababu ya kumshukia. Akishapita, waligeuka na kuendelea na safari yao kama hakuna kilichotokea. Nikiwa mtoto nilidhani wazee wa Ijumbi wanapenda mno mikungu ya watu.

Baba sasa amepita themanini, na tangu mama afariki anaishi kwangu Bukoba mjini, nyumba iliyo chini kidogo ya lango la msitu. Kazi yake hapa ni kukosoa. Ndizi za sokoni zimevunwa changa, mahubiri ya siku hizi ni mafupi, mvua ya mjini inanyesha ovyo. Mume wangu anafanya kazi Mwanza na ushauri wake huja kwa simu. Nilipomweleza habari ya baiskeli alisema nijaribu, kwa sauti ya mtu asiyekuwepo. Baba hakusema nijaribu wala nisijaribu. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini, akauliza, "Na ukikutana na wakwe zako huko juu?"

"Nitawaamkia, tata."

"Ukiwa umekaa wapi?"

Nikajifanya nimesikia sufuria ikichemka.

Aliyenifundisha ni jirani yangu, mjane wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja Bukoba na biashara kutoka pwani, wakapenda samaki wa ziwani, wakasahau kurudi. Marehemu mumewe alikuwa anakodisha baiskeli, na yeye alijifunza kwa kuzijaribu zote kabla hazijatoka, eti anapima breki. Anaendesha kwa baibui na suruali ndani, ameketi wima kama yuko sebuleni kwake anasubiri wageni. Kiswahili changu mimi ni cha shuleni, nimekipata kwa viboko. Chake amezaliwa nacho, na anakitumia kunisimanga.

"Shoga, tazama mbele," aliniambia Jumamosi ya kwanza, ameshika kiti cha baiskeli kwa nyuma. "Gurudumu la nini unalitazama? Halikimbii hilo."

Nikatazama mbele. Mbele kulikuwa na ng'ombe.

Sitaeleza kila nilipoanguka, msitu ni mkubwa. Itoshe kusema kwamba majani ya msonobari ni laini ukiyaangukia mara ya kwanza, na kwamba vijana wa ofisini wenye suruali za kubana na saa za kuhesabu mapigo ya moyo walikuwa na heshima sana. Walicheka baada ya kona. Jirani alikimbia nyuma yangu na baibui lake amelikunja, akihema, akinituma nikanyage, na kila nilipoanguka alisema, "Haya, umeshajua ardhi iko wapi. Panda."

Baba naye alikuja kila Jumamosi. Hakualikwa. Alibeba kigoda chake, akavaa kofia, akashika fimbo, akapanda polepole mpaka kwenye kona ya mwisho, pale barabara inapoteremka kuelekea lango. Hapo kuna msonobari mmoja mnene. Akaweka kigoda chini yake, akaketi, akautazama ulimwengu ulivyoharibika. Nilipopita nimeshikiliwa kama mgonjwa hakucheka, na nilipoanguka mbele yake hakuinuka. Alisema tu, kwa Kihaya, bila kumwelekezea mtu, kwamba zamani wanawake walikuwa na kazi nyingi.

Halafu siku moja nikaenda. Sijui jirani aliachia wapi. Nilikuwa namlalamikia kwamba ananisukuma mno, nikaona hanijibu, na sauti yake ikaja kutoka mbali sana nyuma: "Nani anakusukuma, shoga?" Nilipiga kelele, "Mawe!" ule mshangao wetu wa Kihaya, kama mtoto aliyeona senene wa kwanza. Upepo uliingia kwenye mikono ya blauzi. Chini kushoto ziwa likaonekana kati ya miti, na kisiwa cha Musira kimekaa pale kinatazama. Nilikuwa na furaha ya kitoto kabisa, nakiri, nilitaka kumwambia kila mtu. Nilidhani kazi imekwisha.

Nilikuwa nimesahau jambo. Wakubwa wa mji waliondoa magari msituni, lakini hawakuondoa ukoo.

Barabara ya magari ina baraka zake ambazo watu hawazioni. Huko hakuna anayekuuliza habari za nyumbani, kila mtu anaponya roho yake. Ondoa magari na watu wanaanza kuonana. Bukoba nzima ilikuwa imeambiwa na daktari ifanye mazoezi, na Bukoba nzima, kwa namna moja au nyingine, ni wakubwa zangu. Jumamosi ile ile nilipata mita chache tu za uhuru, nikakutana na binamu wa mama, mjomba wangu, mstaafu wa kituo cha utafiti cha Maruku, aliyetumia maisha yake kuchunguza magonjwa ya migomba na bado hajapumzika. Nikashuka. Akauliza habari za nyumbani. Akauliza migomba yetu ya Ijumbi ina hali gani, majani yanaanza kuwa njano upande gani, nani anafyeka, anafyekaje. Nilipopanda tena jasho lilikuwa limekauka na moyo umelala.

Mbele kidogo nikamkuta mke wa mchungaji. Nikashuka. Nikampita, nikamkuta mdogo wa mama mkwe wangu. Nikashuka, na kwa huyu goti pia. Kijana mmoja wa suruali ya kubana alinipita kama risasi, akanitambua kuwa nilimfundisha kusoma, akafunga breki, akageuza, akashuka, akainama. "Shikamoo, mwalimu." Basi na mimi nikashuka kumwitikia marahaba, kwa sababu nilikuwa sijajifunza kuitikia na kuongoza kwa wakati mmoja. Tukabaki tumesimama katikati ya barabara ya mazoezi, kila mmoja ameshika baiskeli yake, tunaheshimiana.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Kupanda nilikuwa nimejua, na kwenda nilikuwa nimejua. Kushuka ndiko kulikonishinda, maana mguu usiosikia ardhi haujui ardhi iko wapi, unatangulia tu kwa imani. Nilishuka mara nyingi kwa kuanguka, na kwa kuwa nilikuwa tayari nimefika chini, niliamkia kutoka huko huko. Watu walisifu. Walisema mtoto wa mwinjilisti ana adabu, hata akianguka anaanguka kwa goti.

Siku moja nilimshukia tena mdogo wa mama mkwe, mguu mbovu ukaingia kwenye changarawe. Sikusikia kitu. Nilimwamkia vizuri, nikamweleza habari za mume wangu ambaye yeye huongea naye kwa simu mara nyingi kuliko mimi, nikaagwa. Nyumbani nilipovua kiatu, soksi ilikuwa nyekundu. Kidonda kimefunguka.

Tunawafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimesikia la kila mkuu aliyekanyaga msitu ule, na guu ndilo lililokuwa linakwenda.

Jirani alikuja kunitazama, akaliona beseni nililolowekea mguu, akaona maji yake. Kwa mara ya kwanza hakunisimanga kwa kicheko.

"Shoga," alisema, "haikuangushi baiskeli. Inakuangusha adabu."

"Nifanyeje sasa? Nipite watu wazima kama sijalelewa?"

"Amkia ukiwa unakwenda. Salamu iko mdomoni, haiko makalioni."

Baba alikuwa ameketi pale mlangoni, amesikia yote. Jirani alipoondoka aliendelea kuutazama mguu wangu ndani ya beseni. Nikajua anaona mguu gani. Alimuuguza mama mpaka mwisho, yeye aliyekuwa hajawahi kuinjika hata chungu. Alijifunza kufunga bandeji, alijifunza kupika uji usio na sukari. Nilijua hayo yote, na bado nilikuwa na hasira naye.

"Tata," nikamuuliza, "nikipita bila kushuka, utasema nini?"

"Mimi sitasema. Watasema wao. Watasema mwinjilisti alihubiri nyumba za watu, ya kwake ikamshinda."

"Na nikikatwa mguu watasema nini?"

Akaiegemeza fimbo yake mlangoni.

Nina mdomo, na siku hiyo sikuufunga. Nikamwambia mama alikuwa na adabu kuliko wanawake wote wa Ijumbi, alipiga goti kwa kila mtu hata mguu ulipokuwa unaoza, na tumemzika na adabu yake yote na mguu mmoja. Baba aliinuka, akaingia chumbani kwake wakati jua bado liko juu. Fimbo yake aliisahau mlangoni, na mzee huyu hasahau fimbo. Sikumfuata. Nililia, lakini nililia kwa hasira, na chakula nilikipakua nikakifunika.

Kidonda kilifunga tena, polepole, kwa kunung'unika. Daktari aliniruhusu kurudi kwenye baiskeli na akaanza kusema kwamba kikifunguka tena, halafu akaacha kusema, akaanza kupanga kalamu zake mezani. Nikamwelewa kuliko kama angemaliza.

Jumamosi niliyorudi msituni niliamka nimeshaamua. Nitazunguka barabara yote, kutoka langoni mpaka langoni, na sitashuka hata akitokea askofu. Nilimwambia baba nikiwa nafunga kamba za viatu, ili ajue mapema na aibu isimkute akiwa hajajiandaa. Aliinua kofia yake kutoka kwenye msumari.

"Salamu haina likizo," alisema. Akachukua kigoda, akatangulia.

Nilikasirika mpaka nikafunga kamba vibaya, nikafungua nikafunga tena. Jirani alipokuja na baiskeli aliuona uso wangu, akasema hasira ni nzuri, haitumii mafuta.

Tukapanda. Yeye nyuma, mimi mbele. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka kwenye miti, na barabara ilikuwa tupu kwa muda wa kutosha kunidanganya. Halafu nikamwona mjomba wa Maruku, ameniona, ameshaanza kusimama ili anipokee, tayari ana swali la migomba usoni.

"Shikamoo, mjomba! Migomba haijambo!"

Nikapita. Alikuwa amefungua mdomo kuitikia, na jibu lake nililisikia nikiwa kwenye kona ya pili. Nyuma yangu jirani alikuwa anacheka mpaka baiskeli yake inapepesuka. Nikampita mke wa mchungaji, ambaye aliitikia kwanza akashtuka baadaye. Nikampita mdogo wa mama mkwe. Huyu nilimwamkia kwa sauti kubwa kuliko wote na nikainamisha kichwa mpaka karibu niingie mtaroni, lakini sikushuka, na nyuma nikasikia, "Mawe! Waitu, si mtoto wa mwinjilisti huyu?" Ndiye, nikasema moyoni, ndiye, na bado ana miguu miwili.

Jasho likaanza kutoka. Jasho halisi, la shingoni, la mgongoni. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi ana haraka. Ziwa likaonekana, likajificha, likaonekana tena. Nilipomaliza mwinuko wa mwisho nilijua nimeweza. Kilichobaki ni mteremko, kona, lango.

Na kwenye kona alikuwa baba.

Hakuwa peke yake. Wazee wawili wa kanisa, ambao nao waliambiwa watembee kwa ajili ya presha, walikuwa wamesimama pembeni yake wanazungumza. Walikuwa wanatazama juu, barabarani, upande wangu. Wengine wote nilikuwa nimewapita kwa ujasiri, lakini niseme kweli, sikuwa nimewaza hapa. Kumpita mjomba kunasameheka kwa debe la kahawa. Kumpita baba yako mzazi, ukiwa umekaa juu, miguu huku na huku, mbele ya wazee wa kanisa lake, hilo halina debe. Na kushuka hapo, kwenye mteremko, kwenye changarawe, kwa mguu ule ule, nilijua kungenipeleka wapi.

Mkono wangu ukashika breki. Niliukuta tayari uko pale, sikuutuma.

"Usishuke!" jirani akapiga kelele nyuma. "Shoga, usishuke!"

Baba aliniona. Nina hakika aliniona, maana alinyanyua kidevu kama anavyofanya akinitambua kwa mbali. Akainuka kwenye kigoda, taratibu, akitegemea fimbo. Kisha akanipa mgongo.

Nikasema, basi, imekuwa, amenikana mbele ya kanisa. Kama ningekuwa na nafasi ya kulia ningelia pale pale, lakini mteremko hausubiri mtu alie. Hasira ikanisaidia kuachia breki. Nikawa nawakaribia, nikajiandaa kupita mgongo wa baba yangu bila neno.

Ndipo nikaona mkono wake. Alikuwa ameuweka kwenye shina la ule msonobari. Amenyoosha shingo juu, kofia imemrudi kisogoni, anatazama matawi kwa makini sana. Akagonga shina kwa fimbo, akasikiliza. Akawaambia wenzake jambo, na wale wazee wawili, mmoja baada ya mwingine, wakageuka nao wakanyoosha shingo. Migongo mitatu ikawa imenielekea, makoti matatu ya kwendea kanisani.

Nilikuwa nimewahi kuiona migongo ya namna hiyo, nikiwa mtoto, nimepakiwa nyuma ya baiskeli nyeusi, njia ya Kagoma, baba anakimbilia mtu anayekata roho.

Nikapita. Hakuna aliyeniona.

Langoni jirani aliruka kutoka kwenye baiskeli yake, akaishika yangu kwa mbele na kunishusha kama mzigo wa mayai, mguu mzuri kwanza. Nilivua kiatu hapo hapo kwenye nyasi. Soksi ilikuwa nyeupe, ina jasho tu. Jirani aliitazama akasema inanuka, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Nilipovaa kiatu nikarudi polepole mpaka kwenye kona. Wazee walikuwa wameshageukia barabara, wameketi, wanazungumza habari za mvua. Nilipiga magoti yote mawili mbele ya baba, kwenye majani ya msonobari, nikamwamkia kwa Kihaya, salamu nzima, bila kuruka kitu. Aliitikia yote. Akauliza habari za nyumbani, ambako tulikuwa tumetoka pamoja asubuhi hiyo. Nikamjibu ni njema.

"Kumbe umeshafika?" akasema. "Sikukuona ukipita."

"Ulikuwa unatazama nini, tata?"

"Mkungu."

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kukubali, wote wawili, watu wanaogawa sakramenti.

"Kwenye msonobari?"

Baba akanyoosha shingo, akautazama tena mti wake, kuanzia chini mpaka juu, bila haraka.

"Bado haujakomaa," akasema. "Jumamosi ijayo nitauangalia tena."